Kiwanja Kipo

Dalali mzuri wa viwanja hagusi "-nge-" mpaka bei iwe imeshatajwa. Nimewasikiliza wengi kwenye njia za vumbi za Madale, na sijaona mzoefu akiivunja kanuni hii. Anapokutembeza kati ya mihogo ya mtu, akiruka vichuguu na kukutafutia kigingi kilichofunikwa na majani, kila kitu kinywani mwake ni "-ki-" na "-ta-". Ukijenga hapa, kibaraza kitapata upepo wa bahari. Ukishaweka fensi, hutasikia kelele za barabarani. Watoto wakitoka shule watapita njia hii hapa. Hasemi "ungejenga". Kiambishi kile kimebeba shaka, na hakuna sababu ya yeye kuwa wa kwanza kuileta shaka shambani. Kisha bei inatajwa, mteja anakunja uso, na hapo hapo "-nge-" inatolewa: "Ungekuja mwaka juzi, kaka yangu, ungekikuta kwa nusu ya hiyo." Faida zote zimepewa hali ya kutarajia; majuto yamepewa hali yake. Wanafunzi wa sekondari hukariri viambishi hivi kwa ajili ya mtihani, na wengi wao huviacha kwenye chumba cha mtihani wakishatoka. Huyu bwana mwenye kandambili na daftari lililokunjwa mfuko wa nyuma anavitumia kulipa ada ya wanawe.

Madale iko kata ya Wazo, Manispaa ya Kinondoni, mgongoni mwa kilima ambacho kiwanda cha saruji cha Twiga kimekuwa kikikimega tangu miaka ya 1960. Ukifika Tegeta Kibaoni unaiacha Barabara ya Bagamoyo, unapanda Wazo, unateremkia Madale, na usiposhuka utapitiliza Goba hadi Mbezi Mwisho, kwenye Barabara ya Morogoro. Si zamani sana upande huu ulikuwa mashamba: mikorosho, miembe, mihogo, nyumba moja moja ya mlinzi. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka lazima walale mahali, na katikati ya jiji hapapanuki. Shamba likakatwa vipande, kipande kikawa kiwanja, na karibu kila kiwanja kilipita kwanza kwenye ulimi wa mtu mmoja aliyesimama kati ya mwenye shamba na mwenye pesa.

Mtu huyo hana sifa nzuri mjini. Analaumiwa kwa kupandisha bei, kwa hela ya kuonyesha, kwa kukuzungusha juani kutwa nzima akikuonyesha usichokitaka. Lawama hizo siziondoi. Nyingine nimezitoa mimi mwenyewe, tena kwa sauti. Lakini fundi unaweza kumgombeza na bado ukatazama mikono yake. Kwa dalali, cha kutazama ni sentensi.

Chukua anavyokuita. Kwenye simu, kabla hajakuona, wewe ni "bosi". Ni jina la tahadhari: hakuna anayekasirika kuitwa bosi. Mkishaonana kituoni anakupima kwa jicho moja, viatu, funguo za gari kama zipo, namna unavyoitazama bodaboda aliyokuja nayo, na jina linabadilika. Kijana mwenzake atakuwa "kaka" au "mwanangu". Mtu mzima atapewa shikamoo iliyonyooka, isiyo ya haraka, na kuanzia hapo ni "mzee wangu". Kazi kubwa huja mtu akifika na mkewe. Dalali mchanga atamwita yule mama "madam", naye atabaki pembeni, mikono kifuani, akihesabu kasoro. Mzoefu atasema "shemeji". Kwa neno moja mume ameshakuwa kaka yake, na shemeji ni mtu wa kutaniwa, wa kuulizwa jiko likae upande gani. Nimeona mama aliyekuja na uso wa kukataa akianza, muda si mrefu, kubishana na dalali kuhusu mahali pa kuanika nguo. Anayebishana mahali pa kamba ameshahamia.

Kisha huja orodha. "Maji yapo, umeme upo, barabara ipo, shule zipo, zahanati ipo." Inasemwa kwa pumzi moja, bila "na" hata moja, mkono ukichora duara hewani. Vitabu vya fasihi huita hiyo mjalizo, yaani kupanga maneno bila viunganishi, na huita kule kurudiarudia takriri. Mifano yake huko vitabuni mara nyingi imekauka. Dalali anavitumia vyote viwili kwa mpigo, na Kiswahili kinamsaidia bure. Ngeli zinabadilika, kwa hiyo kichwa cha neno kinabadilika: ya-, u-, i-, zi-. Mkia unabaki ule ule. Sikio linapata kipya na cha zamani kwa wakati mmoja, halichoki na halipotei.

Aliyeijua siri hiyo kuliko wote nchini alikuwa Mwalimu Nyerere. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, alisimama Dar es Salaam kuwaambia wananchi kwamba nchi inaingia vitani, na hoja yake akaiweka juu ya vitu vitatu: uwezo, sababu na nia. Kila kimoja akakifunga kwa kitenzi kile kile cha kuwa na kitu, chenye mwisho wa ngeli yake. Kwa Mwalimu kichwa ndicho kilichobaki na mkia ukabadilika. Dalali anafanya kinyume chake. Watanzania waliozaliwa miaka mingi baada ya vita ile wanaweza kukusomea kipande kile kwa mdundo wake wote. Jaribu kukipanga upya kwa nomino tatu za ngeli moja uone kitakavyolala.

Kuna jambo jingine ndani ya ule mkia. Sarufi inatuambia "-po" ni ya mahali panapojulikana, "-ko" ya mahali pasipo dhahiri. Umeme wa Madale ya ndani ndani mara nyingi ni wa "-ko": uko, nguzo ya mwisho iko nyuma ya kile kilima, TANESCO wakisogeza nguzo nne utafika. Dalali hatasema "uko". Atasema "upo", na wewe ndiye unayepaswa kuuliza upo wapi. Wengi hawaulizi.

Mahali penyewe hupewa jina kwa hesabu. Hakuna anayeuza kiwanja kilichoko kule bondeni baada ya kisima. Kiwanja kiko "Kwa Kawawa", kiko "Flamingo", kiko "jirani na kwa Diamond". Jina hili la mwisho ni la mwanamuziki Diamond Platnumz, ambaye nyumba yake ya Madale imeandikwa na kupigwa picha mpaka ujirani wake ukaenea hadi pale ambapo hata muziki wake hausikiki. Jina la kwanza lina uzito wa namna nyingine. Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, alikuwa na shamba huku, na huku ndiko alikozikwa Januari 2010. Inanifurahisha kwamba madalali wanamtumia yeye kama alama ya njia, kwa sababu riziki yake ilianzia mdomoni. Miaka ya 1950 aliigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu, kisha akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, kazi ambayo huiwezi kama huwezi kumshawishi kuli aweke chini mzigo wa leo kwa ajili ya mshahara wa kesho. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, Kawawa ndiye aliyeishika nafasi hiyo. Na ni yeye, akiwa Makamu wa Pili wa Rais mwaka 1967, aliyetangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Sidhani kama wakati ule aliwafikiria madalali. Lakini lugha aliyoipigania ndiyo inayopandisha bei ya ardhi inayolizunguka kaburi lake, na kwa mjamaa kama yule sijui angecheka au angeita mkutano.

Umbali hautajwi kwa kilomita. Hutajwa kwa dakika, na dakika zenyewe ni za bodaboda, kiangazi, saa nne asubuhi. "Dakika saba tu kutoka lami" ni kweli kabisa siku ile uliyopelekwa. Masika ikifika na udongo wa mfinyanzi ukishageuka utelezi, bodaboda yule yule atakushusha kwenye lami na kukutakia usiku mwema. Dalali hakukudanganya, alichagua kipimo. Humo kuna bustani nzima ya tafsida. Mbali panaitwa "pametulia". Bonde ni "mteremko kidogo". Pori ni "hewa safi". Na viwanja vyenye mawe, ambavyo huku karibu na Wazo si haba, vinaelezwa hivi: "Ukichimba msingi, mawe unayapata hapo hapo, hununui lori." Hilo la mawe ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tafsida hufunika kasoro. Hapa kasoro imefunuliwa, ikapanguswa vumbi, ikauzwa pamoja na kiwanja.

Ukubwa nao hupimwa kwa miguu. "Ishirini kwa ishirini," unaambiwa, na akili yako inajaza yenyewe mita 20 kwa mita 20, yaani mita za mraba 400. Mara nyingi ni hatua. Hatua ya mtu mzima anayetembea kawaida ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15, na kiwanja kizima ni mita za mraba 225. Karibu nusu imeyeyuka kwa sababu namba ilitajwa na kipimo chake hakikutajwa. Mnunuzi mjanja huja na utepe. Mjanja zaidi huja na mpwa wake mrefu na kuomba yeye ndiye apige hatua.

Pagumu kuliko pote ni kwenye karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Anachopewa mtu ni haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Mtaani hatusemi hivyo. Tunasema nimenunua, nimeuza, changu. Kati ya lugha ya sheria na lugha ya mtaa kuna pengo, na dalali amejenga makazi humo, akiwa na ngazi yake ya maneno: "kina hati", kisha "kimepimwa", kisha "kiko kwenye mpango", kisha "kiko kwenye mchakato". Kila kipandio kiko chini ya kilichotangulia, na mgeni husikia vyote vikiwa sawa. Huo mchakato hauna tarehe ya kuanza wala ya kwisha. Unakuonyesha watu wenye miwani ofisini na faili linalohama meza. Unaweza kuwa na maana kwamba hati itatoka mwezi ujao, na unaweza kuwa na maana kwamba miaka kadhaa iliyopita mwenye shamba alisalimiana na mpima. Kisha kidole kinanyooshwa upande wa Mivumoni, ambako serikali ilipima kupitia Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na unaambiwa: "Kule si kulikuwa pori kama huku?" Swali la aina hiyo halitaki jibu. Mivumoni yenyewe imeshajibu, kwa mapaa yake.

Watu wasiowafahamu madalali hudhani kazi yao ni kusifia. Anayesifia tu haaminiki, na kijiweni wanalijua hilo vizuri. Kwa hiyo mnapokaribia kuondoka utasikia: "Sikufichi, mzee wangu. Pale mbele masika panatuama maji siku mbili tatu." Ameitoa kasoro mwenyewe, kabla hujaiona. Tena imechaguliwa kwa uangalifu: ni ya kweli, ni ndogo, na dawa yake inajulikana, karavati moja na kifusi lori mbili. Kuanzia hapo umeshamweka kwenye kundi la wasema kweli na masikio yako yamelegea. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliona kwamba tabia ya msemaji yenyewe ndiyo karibu nguvu yake kuu ya kushawishi. Yeye alikuwa akiwaza mabaraza na mahakama za Athene. Madale tabia hiyo hujengwa kwa dimbwi moja la maji. Mzoefu ataongeza shahidi: "Kamuulize yule mama wa genge, yuko hapa tangu mwanzo." Huendi. Ruhusa ya kwenda imekutosha.

Hadi hapa, hata hivyo, tumetazama mambo ambayo kijana mwenye masikio anaweza kuyaokota kijiweni. Mabingwa wanatengwa na mpangilio. Abd al-Qahir al-Jurjani, mwanazuoni wa karne ya 11 ambaye vitabu vyake ni nguzo ya elimu ya balagha ya Kiarabu, alishikilia kwamba uzuri wa usemi haukai kwenye neno moja moja. Unakaa kwenye namna maneno yanavyopangwa na kushikana. Dalali bingwa anapanga viwanja kwa imani hiyo hiyo. Kwanza anakupeleka kwenye kile ambacho anajua hutakitaka: kimeinama, kiko mbali, na bei yake imesimama. Hakisifii. Anakuacha ukasirike kidogo. Cha pili ni kizuri mno na fedha yake haikamatiki. Kazi ya hicho ni kuyafundisha macho yako kutamani kona, mti wa kivuli, njia pana mbele. Cha tatu ndicho alichokikusudia tangu simu ya asubuhi. Kingekuwa peke yake, kingekuwa kiwanja cha kawaida cha bei ya kawaida. Baada ya vile viwili, unakitazama ukidhani umeponea. Ukimuuliza kwa nini hakukuleta hapa moja kwa moja, atakujibu kwa upole kwamba alitaka upate kulinganisha. Na ni kweli umelinganisha.

Hata njia imechaguliwa. Mnaingia kwa upande wenye mageti makubwa na bati za msauzi, polepole, akitaja nyumba hii ya nani na ile ya nani. Mnatoka kwa upande mwingine, na wakati huo ndipo mjadala wa Simba na Yanga unapopamba moto.

Yupo mmoja huku, mtu mzima, ambaye nimemfuata nikiwasindikiza ndugu wanaotafuta viwanja. Anaongea kidogo kuliko wote. Mteja akiuliza kwa nini mwenye mali anauza, wengine hutoa hadithi nzima: mgonjwa, India, upasuaji, tiketi ya ndege. Huyu husema, "Mambo ya familia, si unajua...", akainama kuchomoa miba kwenye suruali. Sentensi haimaliziki. Shuleni tuliambiwa hiyo inaitwa mdokezo na kwamba huonyeshwa kwa nukta; ilikuwa ya kuwekwa mwisho wa orodha ya mbinu, ya kujaza nafasi. Kwa mzee huyu ndiyo ya kwanza. Mteja anazijaza nukta mwenyewe, kila mmoja kwa familia anayoijua: huyu anaona ndugu wanaovutana kwa mirathi, yule anaona ada ya chuo. Na hadithi aliyoitunga mtu mwenyewe hana sababu ya kuitilia shaka.

Nilimwona akifanya hivyo hivyo kwenye bei. Aliitaja kama mtu anayetaja saa, kisha akanyamaza. Shemeji yangu alisubiri yale ya siku zote yafuate, maongezi yapo, leta ofa yako bosi. Hayakufuata. Ukimya ulipozidi, shemeji akaanza kujieleza yeye: bei si mbaya ila kwa sasa ana sehemu tu, labda kwa awamu mbili, na kwa kweli mkewe ameupenda ule mwembe. Dalali hakuwa ameuliza hata moja kati ya hayo. Ndani ya muda mfupi alikuwa ameshakabidhiwa kiasi kilichopo, ratiba ya malipo, na mwembe.

Mzee huyo huyo huitwa sana kuwa mshenga, na nikifikiri naona hakuna ajabu. Mshenga naye husimama katikati. Hubeba barua na bahasha, husema vijana wake wameona ua kwenye bustani ya wenyewe, hupokea maneno makali ya wajomba na kuyafikisha nyumbani yakiwa yamepoa. Kwenye viwanja ni kazi ile ile. Mwenye mali akisema kwenye simu, "Mwambie huyo bahili asinipotezee muda," mnunuzi hufikishiwa: "Mzee amekupenda, anasema jikaze kidogo." Mnunuzi akisema, "Huyu mzee ana tamaa," upande wa pili hupata: "Kijana anajitahidi, anaomba umfikirie." Watu wawili ambao wangekosana ndani ya dakika moja wanauziana ardhi kwa heshima, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwungwana.

Vijana wa siku hizi wanaifanya kazi kwa simu. Video inaanzia getini: sebule kubwa, vyumba vitatu, kimoja masta, jiko, stoo, luku yako mwenyewe, bei maelewano. Pale Tegeta wachuuzi nao wana spika zenye sauti iliyorekodiwa, buku buku buku, jero jero jero, tangu asubuhi hadi betri iishe. Sina ugomvi navyo, vinafika mbali na vinauza. Ila haviwezi kunyamaza, wala haviwezi kukuona ukikunja uso.

Ufundi huu una upande wake wa giza, na Madale inaujua. Tapeli hutumia zana zile zile, shemeji yule yule, dimbwi lile lile, na mwisho wa siku kiwanja kimoja kina wenyewe watatu, kila mmoja na karatasi yake. Ndiyo maana ukitembea huku utakuta maandishi kwenye kuta na kwenye vipande vya bati vilivyopigiliwa mtini: NYUMBA HII HAIUZWI. KIWANJA HIKI HAKIUZWI, OGOPA MATAPELI. Wageni wa jiji hucheka kwamba huku hata kisichouzwa hutangazwa. Mimi nayaona maandishi hayo kuwa sentensi iliyokazwa kuliko zote katika mtaa mzima. Haina bosi, haina dakika, haina upepo wa bahari. Mwenye kiwanja hakuandika "sikiuzi", ambayo ingemhusu yeye peke yake na kuacha mlango wazi kwa mdogo wake. Ameandika "hakiuzwi": mtenda hatajwi, kwa hiyo hakuna aliyetajwa na wote wametajwa, yeye, mdogo wake, dalali, na mtu atakayekuja mwaka kesho na muhuri wa kuchonga. Ni jibu lililopakwa rangi nyekundu likimsubiri mtu ambaye bado hajafungua mdomo. Unajua ulimi ni mkali unapoona watu wakijenga ukuta dhidi yake, kwa maana halisi ya ukuta.

Mauziano yenyewe huandikwa mbele ya viongozi wa serikali ya mtaa, na lugha yote ya shambani huishia mlangoni pao. Karatasi inasema fulani amemuuzia fulani eneo lenye ukubwa kadhaa. Kaskazini limepakana na fulani, kusini na njia, mashariki na fulani, magharibi na fulani. Mashahidi wa muuzaji, mashahidi wa mnunuzi, saini, dole gumba, muhuri. Dalali hukaa kwenye benchi la nje. Kilichobaki kwake ni asilimia yake, ambayo kwa mazoea ni kumi, na hapo mnunuzi aliyekuwa msikilizaji siku zote anapata ulimi wa ghafla. Anamwita ndugu. Anakiri kwamba kazi imekubalika, anataja rafiki zake wawili watakaokuja kutafuta viwanja, anagusia kidogo matatizo ya nyumbani na kuiacha sentensi njiani. Dalali anamsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, bila kumkatiza hata mara moja. Halafu anataja kiasi, na namba ya simu ya kutuma, na jina litakalotokea.